Ukurasa wa Kushoto

Kiponda, Mjini Unguja
14 Machi 1965

Mdogo wangu Tabia,

Barua hii natumai itakukuta mzima, wewe na shemeji yangu Makungu. Sisi tupo. Mama, aliyetulea sote wawili kwa kofi moja na sahani moja, bado anasumbuliwa na miguu. Akishuka ngazi huzitukana moja moja. Shemeji yako Ame yuko Shangani tangu baada ya Idd, wanaaka na kupaka chokaa upya ukuta wa nyumba kongwe, na kila jioni anarudi mweupe kama aliyeangukia pipa la unga. Humsifu mumeo mpaka nachoka. "Chokaa ya Makungu haina mawe," ndiyo kauli yake. Nami humjibu kuwa mke niliyemtafutia naye hana mawe. Nakutania, usinune.

Sasa jambo lenyewe. Unamkumbuka Shemsa? Najua unamkumbuka. Kila Ijumaa tulikuwa tunagombania gazeti, ukinishinda unanisomea kwa sauti huku mimi napiga cherehani, na pakifika pazuri unaniambia, "Nyamazisha hilo limashine, dada, nisikike." Gazeti lilikoma Januari ya mwaka jana, sababu unazijua. Shemsa wa watu akaachwa mlangoni. Ametoroka kwa mumewe Sudi, jua la adhuhuri kichwani, kifurushi mkononi, ameinua mkono abishe mlango wa nyumba tusiyoijua. Hapo hapo hadithi ikakatika. Aliyekuwa akiitunga hatumjui, na siku hizi watu hawaulizani fulani yuko wapi.

Basi jirani yangu Mwanapili, ambaye hana subira hata ya uji upoe, alikuja siku moja akasema, "Mie siwezi kufa sijui nani yumo ndani ya nyumba ile. Nnamalizia mwenyewe." Akaandika daftari zima. Parin wa ghorofa ya juu alipolisoma alikasirika akaandika lake. Nami sikukubali kuachwa nyuma. Sasa tuko watatu, tunakutana kwangu kila Alkhamisi baada ya Alasiri, na kaka yake Parin, Hasnain, ndiye anayetuletea madaftari kutoka dukani kwake.

Tuna kanuni yetu. Sura huandikwa kurasa za kulia tu. Za kushoto huachwa tupu kwa ajili ya wasomaji. Kila msomaji lazima aandike mambo mawili kabla ya kurudisha daftari: sifa moja, na mahali pamoja alipotilia shaka, aanze na maneno "Hapa sikuamini". Asiyeandika kushoto hapewi daftari jingine. Ukali huo nimeuweka mimi. Mwanapili alilia mara ya kwanza, sasa amekomaa. Sura inayoaminiwa na wote hunakiliwa kwenye daftari kubwa, nami ndiye mwenye kulitunza.

Nakuletea daftari tupu kwa mkono wa Mzee Usi, dereva wa gari la Fumba. Wewe ndiye uliyekuwa msomaji wetu. Andika, mdogo wangu. Na usiogope kushoto.

Dada yako,
Kazija


Fumba
4 Aprili 1965

Dada Kazija,

Shikamoo. Mama mkubwa mpe shikamoo yake na umwambie asishuke ngazi, mambo yote yamo ghorofani. Shemeji Ame naye nnamsalimu. Huku mvua imeanza kutishia na tanuri liliwashwa haraka haraka kabla haijanyesha. Siku tatu moshi umetulalia juu ya nyumba. Makungu ana afya nzuri sana. Watu wa hapa wanampenda, ndiye anayeadhini Alfajiri.

Daftari limefika na nimelijaza. Nimekaa nalo siku kumi na nane. Usinicheke mwandiko, utanisamehe.

Mwenzenu sikuanzia mlangoni. Nyinyi nyote mna haraka ya kujua nani atafungua, mimi nimeona kwanza tujue Shemsa ametoka wapi. Gazeti halikutuambia Sudi alimfanya nini. Lilisema tu "yaliyompata" na kuendelea. Kwa hiyo nimeandika siku ya mwisho ya Shemsa nyumbani kwa Sudi, tangu asubuhi mpaka anapofunga kifurushi.

Nina ombi moja, dada. Sifa msijisumbue nazo. Niambieni tu kama mnaamini.

Na barua zako mwambie Mzee Usi asimwachie mtu dukani. Mimi huwa kisimani gari linapofika. Anipe mwenyewe mkononi.

Mdogo wako,
Tabia


Kiponda
9 Mei 1965

Mdogo wangu Tabia,

Salamu nyingi kutoka nyumba nzima. Masika yametuvamia, darini kwetu panavuja mahali patatu na Ame, mwashi mzima, anasema atapaziba "Inshaallah". Nimemwambia kesho nitamwita mwashi wa mtu mwingine. Mama anauliza kama umeshashika mimba. Mimi siulizi, ninafikisha tu.

Tumesoma sura yako Alkhamisi mbili mfululizo, maana ya kwanza haikutosha kwa mabishano. Daftari linarudi na kushoto kumejaa, lakini nataka kukueleza mwenyewe, maana Mwanapili akiandika kwa hasira herufi zake hupandana.

Sifa unayo, na ni kubwa. Pale Shemsa anapojua hali ya mumewe kwa namna anavyovua viatu mlangoni, kimoja kikitangulia kwa kishindo, kingine kikichelewa, na yeye jikoni mwiko umesimama anangoja cha pili, pale nilisisimka. Parin aliomba nirudie kusoma.

Lakini mengine, mdogo wangu, umetia chumvi mpaka chakula hakiliki. Sudi anafungia unga kwenye sanduku na kwenda na ufunguo msikitini? Mwanapili alicheka akasema, "Mume gani huyo? Hata shetani hula na mkewe." Na Parin ameandika jambo la maana, lisome vizuri: "Hapa sikuamini. Mke huyu ana ulimi, na ana ndugu mjini. Mbona hasemi?" Kweli, mbona hasemi? Mwanamke wa namna hiyo msomaji anamchoka kabla ya kumhurumia.

Kubwa zaidi ni ile chokaa. Sudi anamtilia mkewe kiganjani chokaa ambayo haijazimwa, anamfumba vidole, kisha anamwagia maji juu yake, kwa sababu tu amemkuta anasoma kipande cha gazeti. Tabia, Sudi ni tajiri wa vitambaa! Chokaa imetoka wapi katika nyumba ya muuza vitambaa? Kosa kama hilo mtunzi hafanyi. Mtu akikaa na kitu mchana kutwa hukiingiza kila mahali, nakuelewa, lakini hadithi ina mipaka yake. Nilimuuliza Ame kama chokaa inaweza kufanya hivyo. Alisema inaweza, ikikutana na maji huchemka, na ngozi hutoka. Akaniuliza kwa nini nauliza. Nikamwambia ni hadithi. Akaenda kuoga.

Neno la mwisho ni la dada mkubwa, si la msomaji. Mwandiko wako! Wewe uliyekuwa unaandika kwa nukta na mkia, sasa herufi zinaanguka kama za mtoto wa chuo cha Kurani. Ukiharakisha hivyo hata sura nzuri itaonekana mbaya.

Rekebisha uturudishie. Usinune.

Dada yako,
Kazija


Fumba
1 Juni 1965

Dada Kazija,

Shikamoo. Kwetu salama, mvua imepungua. Mama mkubwa mwambie sijashika mimba, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu namshukuru Mungu kwa kunikawizia kitu.

Nimesoma kushoto kote. Nimekusoma wewe, nimemsoma Parin, nimemsoma Mwanapili kwa kugeuza daftari huku na huku. Kanuni yenu inasema msomaji aseme asipoamini. Haisemi mtunzi ajibu. Mimi nitajibu, kisha mnifukuze mkitaka.

Unga. Ufunguo ni wa shaba, umefungwa kwa uzi mweusi, na akienda kuadhini huuvaa shingoni ndani ya kanzu. Sikuutunga.

Mbona hasemi? Amesema. Alisema katika daftari la kurasa arubaini, akalituma mjini kwa nduguye, wakalisoma Alkhamisi mbili wakacheka.

Na chokaa, dada. Unaniuliza chokaa imetoka wapi? Mimi nimeolewa na nani? Nani alileta posa? Nani alikaa nami kwenye busati la chumba cha kati akaniambia, "Mchoma chokaa ni mtu wa kazi, mikono yake imezoea moto, hatakuwa na moto mwingine"? Nilicheka siku ile. Nilidhani ni maneno ya kupendeza.

Mwandiko ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia haukunjuki. Vidole viwili vimeshikana na kiganja, na hiki cha kati kimekaa kama kinakaribisha mgeni. Ilikuwa tarehe kumi na sita ya mwezi wa Machi. Alinikuta ninasoma barua yako, ile ya kunialika.

Sikuandika mapema kwa jina langu kwa sababu ya aibu, na kwa sababu nilijua ukiliona jina la Makungu utasoma kwa macho ya Ame. Nikafikiri ukiliona jina la Sudi utasoma kwa macho yako.

Ninachotaka ni kidogo. Hapa sitoki bila kuitwa. Mkiniita kwa ajili ya mama mkubwa, kwamba miguu imezidi na anataka mtu wa kumkanda, hawezi kukataa mbele za watu; anajali sana mbele za watu. Ame aje na gari la Mzee Usi, aseme maneno mawili, nitoke naye. Hata nguo sitachukua.

Nakungoja kila siku gari linapofika.

Tabia


Kiponda
28 Agosti 1965

Mpenzi mdogo wangu Tabia,

Salamu tele, tena tele, pamoja na za mama, Ame, Mwanapili, Parin na jamii yote ya Kiponda. Utanisamehe kwa kuchelewa. Palikuwa na Maulidi, tulialikwa nyumba saba, halafu harusi ya binti wa Malindi ambayo nilishona nguo zote za kina somo waliomfunda, kumi na mbili, na kila mmoja anataka kiuno ambacho hana. Mpaka leo vidole vinaniuma. Mama hajambo kabisa, miguu imepoa, anashuka na kupanda kama msichana. Juzi alikwenda mpaka Jang'ombe kwa miguu.

Barua yako ya Juni ilifika, lakini iliingia maji njiani. Ukurasa wa kwanza nilisoma mpaka hapo ulipotaja mimba, uliobaki wino ulikuwa umetapakaa. Nadhani ulikuwa unajibu juu ya sura yako. Usijali.

Ame amepata kazi kubwa, Alhamdulillahi. Ni nyumba ya ghorofa tatu huko Mkunazini, na wameandikiana na Makungu kwamba chokaa yote itatoka kwake mpaka kazi iishe, si chini ya mwaka. Ndiyo kazi ya kwanza Ame anayoisimamia mwenyewe tangu mambo yabadilike. Unajua tulivyokaa mwaka mzima uliopita. Sina haja ya kukuambia.

Ndoa changa, mdogo wangu, ina siku zake ngumu. Mimi na Ame mwaka wa kwanza tulirushiana hata birika. Mtu anazoea, na mwenziwe anazoea.

Kuhusu sura, wenzangu wameonelea isiingie daftari kubwa jinsi ilivyo. Nakushauri umwandike Sudi kwa huruma kidogo. Mpe neno zuri, mpe sababu. Msomaji anapenda kuona pande zote mbili.

Dada yako akupendaye,
Kazija


Fumba
12 Septemba 1965

Dada Kazija,

Shikamoo, na salamu kwa wote.

Sura nimeirekebisha. Sudi sasa ni mtu mwema. Anauza vitambaa na kurudi nyumbani na halua. Unga umo kwenye pipa lisilo na kifuniko. Shemsa ametoroka kwa sababu ya wivu wa kijinga aliotiwa na jirani, na akiwa njiani anajuta. Chokaa nimeitoa, badala yake nimeweka asumini.

Iliniwia rahisi sana. Ile ya kwanza ilinichukua siku kumi na nane, hii nimeandika baina ya Adhuhuri na Alasiri.

Barua yangu ya Juni Mzee Usi aliifunga ndani ya mfuko wa ngozi anaowekea leseni yake. Nilimuuliza. Anasema siku ile hapakuwa na mvua.

Tabia


Kiponda
17 Oktoba 1965

Mdogo wangu Tabia,

Salamu za furaha. Mama anakuombea kila baada ya sala. Huku vuli imeanza, na dari imezibwa kwa chokaa yenu, halipiti hata tone.

Sura yako imewatoa watu machozi! Parin alilia, nakuapia, akajifuta kwa kitambaa nilichokuwa napinda. Mwanapili ameandika kushoto: "Hapa nimeamini pote." Tangu tuanze hajawahi kuandika hivyo. Pale Sudi anapovua viatu na kuvipanga pamoja polepole ili asimwamshe mkewe, mimi mwenyewe niliacha kazi nikakaa tu. Unaona? Unapopunguza hasira kalamu yako inakwenda vizuri. Nimeinakili kwenye daftari kubwa kwa mkono wangu.

Hukuandika habari zako safari hii. Nafahamu kazi za shamba hazina nafasi.

Basi naendelea na yangu. Nimeamua ni nani aliye nyuma ya mlango, lakini sikuambii.

Dada yako,
Kazija


Kiponda
3 Februari 1966

Mdogo wangu Tabia,

Idd njema, ingawa imepita. Nimekuandikia Novemba na Disemba, hukujibu. Nilikuletea kanga ya Idd, sijui kama imefika. Mama aliuliza siku ya kwanza ya Mfunguo Mosi, Idd yenyewe, "Tabia hakuja kunipa mkono?" Nikamwambia gari lilijaa. Mwanapili amejifungua mtoto wa kike, sisi wengine hatujambo.

Nilikutana na Mzee Usi sokoni Darajani. Akaniambia katika Ramadhani, kumi la kati, ulipanda gari lake kuja mjini na ukarudi naye jioni ile ile. Hakujua ulikwenda wapi. Nilisikitika. Labda ulikuwa na haja zako za haraka. Siku zile nilikuwa nashinda Jang'ombe, kwa mama yake Mwanapili, maana Mwanapili alikuwa anakaribia kujifungua. Kwa hiyo mtu akibisha kwangu mara tatu asiitikiwe, ajue sikuwepo, asiweke kitu moyoni.

Sasa pokea hili daftari. Ni sura yangu. Sijapata kuandika kitu kama hiki, na sijui nitapata tena. Nyuma ya mlango yuko dada yake Shemsa, ambaye gazeti lilimtaja mara moja tu, katika fungu la pili, tukamsahau sote. Shemsa anabisha. Dada yumo ndani anafanya kazi yake. Anasikia, anaacha kila kitu, anakimbia mpaka ushungi unaanguka, anafungua, na kabla Shemsa hajasema neno anamkumbatia na kumwambia, "Ingia. Nilijua utakuja. Nyumba ni yako." Wanalia wote wawili pale kizingitini na jua linawapiga. Parin anasema ndio mwisho wa hadithi, hakuna wa kuandika tena baada ya hapo. Wamekubali wote. Imeshaingia daftari kubwa.

Kimebaki kitu kimoja. Kushoto pana maneno ya Parin na ya Mwanapili, na chini yao nimeacha nafasi. Bila neno lako najiona sijamaliza. Wewe ndiye uliyenisomea hadithi hii tangu mwanzo. Andika chochote. Sifa, au hata lile jingine. Niko tayari.

Dada yako,
Kazija


Pete, karibu na Jozani
6 Machi 1966

Dada Kazija,

Shikamoo. Mama mkubwa mbusu mkono kwa niaba yangu, mkono wa kulia.

Utashangaa kuona sipo Fumba. Ijumaa iliyofuata barua yako, watu walipokuwa msikitini, Mzee Usi alisimamisha gari kisimani akasema, "Mwanangu, panda, leo hulipi na huulizwi." Niko kwa dada yake, Bi Wanu. Analima mihogo pembeni mwa msitu na kutwa anagombana na kima wanaomwibia. Hajui kusoma. Nilipofika nilianza kumweleza, nikaanza mbali, kwa Sudi na Shemsa, maana ndivyo nilivyozoea. Akanikatiza. "Nshaona mkono," akasema. "Kaa, ule." Hakuniuliza chokaa imetoka wapi.

Jumatatu tunakwenda kwa kadhi, mimi na yeye na Mzee Usi. Nitavaa kanga yako, imefika, ni nzuri. Makungu ameshatuma watu wawili, Bi Wanu amewafukuza na panga la mihogo. Huenda chokaa ya Mkunazini ikakatika. Mwambie Ame nasikitika kwa hilo, na ni kweli nasikitika.

Daftari nakurudishia. Kushoto nimeandika kama kanuni inavyotaka. Maneno hayo nimeyanakili na hapa pia, maana barua zangu huingia maji.

*Sifa: Ushungi unaoanguka. Nilimwona kabisa dada huyo anakimbia. Nilimpenda.*

*Hapa sikuamini: Pale mlango unapofunguliwa. Shemsa amefika saa nane mchana, amefunga, ametoka Fumba hajalala. Anabisha mara ya kwanza, na ndani cherehani inakwenda. Anabisha mara ya pili, anasema, "Dada, ni mie." Cherehani inanyamaza. Anangoja. Anakumbuka zamani alikuwa akimwambia dada yake anyamazishe mashine ili asikike, na anafurahi, anadhani sasa atasikika. Anabisha mara ya tatu. Chini ya mlango pana uwazi wa vidole viwili, na anaona miguu ya mtu imekuja ikasimama pale, yenye hina ya Ramadhani. Miguu haiondoki na mlango haufunguki. Wamesimama hivyo, mmoja ndani na mmoja nje, mpaka adhana ya Alasiri. Kisha Shemsa anaondoka ili asikose gari, na akiwa pembeni mwa nyumba anasikia cherehani inaanza tena.*

*Mzee Usi hakukuambia kama nilibisha, dada, wala mara ngapi. Rekebisha sura.*

Tabia